Kitabu pepe au cha karatasi: namna ya kununua mwandishi naye apate chake

Maswali ni yaleyale. Kati ya kitabu pepe na cha karatasi, kipi kinamlipa mwandishi vizuri? Kwa nini kitabu nilichokilipia hakifunguki? Nikinunua mtumba nimemdhulumu mwandishi? Mbona kitabu kilekile kina bei tatu tofauti? Hapa yanajibiwa kwa kufuata kazi yenyewe, kuanzia kabla hujatoa fedha mpaka kitabu kimeshafika mkononi na kimehifadhiwa.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Anachopata mwandishi hutegemea mikono ambayo fedha yako inapitia, kuliko inavyotegemea karatasi au skrini. Leo kitabu pepe chaweza kumpa mara nne ya nakala ya karatasi, na kesho nakala ya karatasi ikampa mara mbili ya kitabu pepe, kwa kuwa tu aliyekiuza amebadilika. Hakuna jibu la mkato, ila kuna hesabu, na hesabu yenyewe haimalizi dakika tano.

Andaa haya kwanza

- Jina kamili la kitabu, jina la mwandishi, na ISBN ukiweza kuipata. ISBN ni ile namba iliyo juu ya mistari ya kuskani nyuma ya jalada. Tangu Januari 2007 ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979. Jalada gumu, jalada laini na kitabu pepe cha kazi ileile huwa na namba tofauti, kwa hiyo usichukue namba ya kimoja ukatafutia kingine.
- Kifaa cha kusomea: simu, kishikwambi, kompyuta, au kifaa maalumu cha vitabu pepe kama Kindle au Kobo.
- Programu ya kusomea. Kwa faili za EPUB, aina ya faili inayotumika sana kwa vitabu pepe, Apple Books inatosha kwenye iPhone, ReadEra kwenye Android, na Thorium Reader kwenye kompyuta. Kwa kupanga na kutunza faili, Calibre, ambayo ni ya bure.
- Barua pepe moja ya kudumu. Vitabu vyako vyote vitafungwa kwenye akaunti hiyo. Usitumie barua pepe ya kazini wala ya chuo, kwa sababu siku utakapoondoka itazimwa na utabaki nje ya mlango wa maktaba yako mwenyewe.
- Kadi au njia nyingine ya malipo iliyoruhusiwa kununua mtandaoni, na kuvuka mipaka ikiwa duka liko nchi nyingine.
- Nafasi ya kuhifadhi. Riwaya ya maandishi matupu huwa MB 1 hadi 3. Kitabu cha picha za rangi au vielelezo chaweza kupita MB 50.

Hatua za kufuata

1. Jiulize utakisomaje

Riwaya unayoisoma mfululizo kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho inakaa vizuri kwenye skrini. Kamusi pia, kwa sababu unatafuta neno kwa kuliandika. Kitabu cha hesabu chenye fomula na michoro, kitabu cha mapishi, cha watoto chenye picha kurasa mbili kwa mpigo, na chochote ambacho utakuwa unafungua hapa unarudi kule huku umeweka vidole viwili katikati ya kurasa, hicho chukua cha karatasi. Macho yakikusumbua, kitabu pepe kina faida ambayo karatasi haina: unakuza herufi utakavyo. Hapa usijibane na msimamo wa kwamba wewe ni mtu wa karatasi au mtu wa skrini. Amua kitabu kwa kitabu.

2. Jua nani amekichapisha

Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wa jina. Kwa kitabu cha mtandaoni, teremka kwenye maelezo ya bidhaa mpaka uone sehemu ya mchapishaji. Kuna hali mbili. Ama kuna kampuni ya uchapishaji iliyogharamia uhariri, jalada na uchapaji, ama mwandishi amejichapisha mwenyewe kupitia huduma kama KDP ya Amazon au Kobo Writing Life. Dalili ya hali hiyo ya pili ni hii: mchapishaji hakutajwa kabisa, au jina lililotajwa ni la mwandishi mwenyewe. Usiiruke hatua hii, maana hesabu inayofuata hubadilika kabisa kulingana na jibu lake.

3. Piga hesabu ya mrabaha

Mrabaha ni fungu la mwandishi katika kila nakala inayouzwa. Viwango vilivyozoeleka katika mikataba ya wachapishaji wakubwa wa Marekani ni hivi: jalada gumu, asilimia 10 hadi 15 ya bei iliyoandikwa jaladani, jalada laini, karibu asilimia 7.5, kitabu pepe, asilimia 25 ya kile kinachomfikia mchapishaji baada ya duka kuchukua fungu lake.

Tuweke namba. Jalada gumu la dola 20 kwa asilimia 10 linampa mwandishi dola 2. Jalada laini la dola 14 linampa dola 1.05. Kitabu pepe cha dola 10: duka linabaki na dola 3, mchapishaji anapokea 7, na robo yake ni dola 1.75. Kama mwandishi ana wakala, wakala huchukua asilimia 15 ya hapo. Kwa hiyo kwa kitabu cha mchapishaji, jalada gumu ndilo linalomfaa zaidi mwandishi, kitabu pepe kinafuata kwa karibu, na jalada laini liko nyuma.

Mwandishi aliyejichapisha ana hesabu nyingine. Kwenye KDP, kitabu pepe chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kuwekwa kwenye mpango wa asilimia 70. Kwa soko la Marekani hukatwa kwanza senti 15 kwa kila MB ya faili. Kitabu cha dola 5 chenye MB 2 kinakatwa senti 30, zinabaki 4.70, na asilimia 70 yake ni dola 3.29. Bei ikishuka chini ya 2.99, mpango unaobaki ni wa asilimia 35: kitabu cha senti 99 kinamwachia mwandishi senti 35 tu. Ofa ya senti 99 huwekwa ili wasomaji wapya wamfahamu. Ukiwa tayari unampenda mwandishi na uwezo unao, nunua ofa ikiisha.

Nakala ya karatasi ya mwandishi huyohuyo: tuseme bei ni dola 12 na gharama ya kuchapa nakala moja ni dola 4. Ikiuzwa na Amazon yenyewe, mwandishi ana asilimia 60 ya bei, yaani 7.20, kisha gharama ya kuchapa inatolewa, zinabaki dola 3.20. (Tangu Juni 2025, kwa vitabu vya karatasi vyenye bei chini ya dola 9.99, fungu hilo ni asilimia 50.) Nakala hiyohiyo ikipitia mtandao wa usambazaji wa KDP kwenda maduka mengine, fungu ni asilimia 40: 4.80 ukitoa 4, senti 80. Na ukiinunua mkononi mwa mwandishi, kwenye meza yake siku ya uzinduzi, nakala aliyoichukua kwa gharama ya kuchapa inamwachia dola 8 kasoro alichotumia kuisafirisha. Kitabu ni kilekile, msomaji ametoa dola 12 zilezile, na mwandishi amepata ama senti 80 ama karibu dola 8.

Tahadhari juu ya malipo ya awali. Wachapishaji wengi humpa mwandishi fedha kabla kitabu hakijatoka, na fedha hiyo hurudishwa kwa kukatwa kwenye mrabaha. Aliyelipwa dola 5,000 za awali kwa mrabaha wa dola 2 hatapata kitu kingine mpaka nakala 2,500 ziuzwe. Hapo wengine husema basi kununua kwangu hakumsaidii. Kunamsaidia. Mauzo hayo ndiyo mchapishaji anayoyatazama anapoamua kama atachukua kitabu chake kinachofuata.

4. Angalia kama unanunua kitabu au ruhusa ya kukisoma

Nakala ya karatasi ni mali yako. Utaiuza, utaiazima, utaiacha kwenye urithi. Kitabu pepe, katika maduka mengi makubwa, ni leseni: umelipia ruhusa ya kukisoma chini ya masharti ya duka. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye Kindle za wateja nakala za riwaya mbili za George Orwell zilizokuwa zimewekwa dukani na muuzaji asiye na haki nazo. Fedha zilirudishwa, lakini vitabu viliondoka wateja wakiwa wamelala. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vitabu vyote vikaacha kufunguka, hata vilivyokuwa vimelipiwa. Nako huko fedha zilirudishwa. Mwezi Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya, njia ambayo watu wengi walikuwa wakiitumia kujiwekea akiba.

Kinachokifunga kitabu ni kufuli la kidijitali, kwa kifupi DRM, yaani usimbaji unaofanya faili ifunguke kwenye akaunti yako na programu fulani tu. Si kila kitabu pepe kina kufuli. Tor, wachapishaji wa hadithi za kisayansi na za fantasia, waliacha kuzifunga faili zao mwaka 2012, na waandishi wanaojichapisha huchagua wenyewe. Kabla ya kulipa, soma maelezo ya bidhaa utafute neno DRM. Ikiandikwa kwamba kitabu kinauzwa bila DRM, faili ni yako kuitunza utakavyo. Pasipoandikwa kitu, chukulia kwamba kimefungwa.

Kanuni ya kazi ni hii: kitabu utakachokirudia kwa miaka, kinunue cha karatasi au faili isiyofungwa. Kitabu cha kusoma mara moja safarini, leseni inatosha.

5. Chagua aina ya faili

Kama duka linakupa uchaguzi, chukua EPUB. Maandishi yake hujipanga upya kulingana na ukubwa wa skrini, na programu karibu zote huifungua, pamoja na Kindle kupitia huduma ya kutuma faili, ambayo inapokea EPUB tangu 2022. MOBI ni ya zamani, iache. PDF ni picha ya ukurasa uliokwisha kupangwa: ukurasa wa A4 kwenye skrini ya simu unakulazimisha kuvuta mstari kushoto na kulia, mstari baada ya mstari, na hakuna atakayefika sura ya tatu kwa mtindo huo. PDF ina nafasi yake kwenye kishikwambi kikubwa, kwa vitabu vya majedwali na michoro.

6. Chagua pa kununulia

Anza na mwandishi mwenyewe. Tovuti yake, au ukurasa wake wa mitandao ya kijamii, mara nyingi huwa na kiungo cha kununua moja kwa moja, na hapo makato huwa madogo kuliko duka lolote. Leanpub, ambako hupatikana zaidi vitabu vya kompyuta na ufundi, humpa mwandishi asilimia 80 na kwa kawaida hukupa EPUB na PDF zisizofungwa. Kisha tovuti ya mchapishaji. Kisha duka la vitabu la kujitegemea, ambalo likiuza nakala tano za mwandishi asiyejulikana huiweka ya sita mahali pa kuonekana. Kisha ndiyo maduka makubwa ya mtandaoni.

Ukikuta kitabu pepe kinapatikana Amazon tu, usimsumbue mwandishi kwa kuomba faili pembeni. Huenda amekiingiza kwenye KDP Select, mpango unaomzuia kukiuza kwingine kokote kwa vipindi vya siku 90. Katazo hilo ni la kitabu pepe pekee, kwa hiyo nakala ya karatasi anaweza kukuuzia mwenyewe bila tatizo.

Vitabu vya mpango huo huingia Kindle Unlimited, ambako msomaji hulipa kwa mwezi na mwandishi hulipwa kwa kurasa zilizosomwa. Kiwango kimekuwa kikicheza chini kidogo ya nusu senti ya dola kwa ukurasa. Kitabu cha kurasa 300 kikisomwa chote humletea mwandishi kiasi cha dola moja na kitu. Kwa hiyo huko kumsaidia ni kusoma mpaka mwisho. Kukipakua na kukiacha kimekaa hakumpi chochote, na kurukia ukurasa wa mwisho ili "kumwongezea" ni hatari, maana mfumo unatafuta usomaji wa hila na akaunti inayoadhibiwa ni ya mwandishi.

7. Hakiki kabla ya kubofya kitufe cha kulipa

Pakua sampuli. Kindle hutoa karibu asilimia 10 za mwanzo bure. Usisome maneno tu: angalia kama aya zimepangwa, kama orodha ya yaliyomo inabofyeka, kama herufi hazina takataka zilizotokana na kuskani. Sampuli mbovu ina maana kitabu kizima ni kibovu.

Kwa nakala ya karatasi, linganisha ISBN ya dukani na ile ya toleo unalolitaka. Kosa linalojirudia ni mtu kuagiza toleo la kwanza la kitabu cha kiada wakati darasa linatumia la tatu. Ukiwa na shaka na namba yenyewe, ihakiki kwa mkono. Zidisha tarakimu ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, endelea hivyo mpaka ya kumi na tatu, kisha jumlisha. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki. Jaribu na 978-0-306-40615-7: 9, 21, 8, 0, 3, 0, 6, 12, 0, 18, 1, 15, 7. Jumla ni 100. Isipogawanyika, ama umekosea kuinakili ama namba ni ya kubuni. Vitabu pepe vingine vya Amazon havina ISBN kabisa, vina namba ya duka inayoitwa ASIN, na hilo ni jambo la kawaida.

Angalia pia nani anauza. Ukurasa mmoja wa duka kubwa waweza kuwa na wauzaji kumi, na aliyejitokeza juu kwa bei ya chini huenda anauza mtumba au nakala ya magendo.

8. Kitabu pepe: pakua, fungua na tunza siku hiyohiyo

Ukishalipa, kipakue na ukifungue papo hapo, usisubiri siku ya kusafiri. Pitisha kurasa kumi za katikati. Kama hakuna kufuli, weka nakala mbili za faili: moja kwenye kompyuta ndani ya Calibre, nyingine kwenye diski au hifadhi ya mtandaoni. Hifadhi risiti kwenye folda moja ya barua pepe. Duka likifungwa au ukibishana nalo, risiti ndiyo itakayokusemea.

Kama umebofya kimakosa, rudisha mapema. Kitabu cha Kindle kina siku 7. Lakini usikisome chote ndipo ukirudishe. Mrabaha uliokwisha kuandikwa kwa mwandishi hufutwa, na mwandishi anayejichapisha huliona pengo hilo kwenye ripoti yake ya mauzo.

9. Cha karatasi: kikague, kisha kifungue taratibu

Hesabu kurasa kwa haraka kwa kuangalia namba za chini. Karatasi hukunjwa kwa mafungu, kwa hiyo kasoro nayo huja kwa mafungu: kurasa 16 au 32 zimekosekana, zimerudiwa au zimepinduliwa. Ukiikuta, rudisha, ni kosa la kiwandani na duka hubadilisha.

Kitabu kipya kilichobanwa kwa gundi usikikunje mgongo kwa nguvu. Kisimamishe mezani kwa mgongo wake, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu laza kurasa chache za mbele, chache za nyuma, ukizipangusa taratibu kwa kidole karibu na mshono, mpaka zikutane katikati. Gundi itajinyoosha bila kupasuka. Vitabu vingi vinavyomwaga kurasa vilivunjwa mgongo siku ya kwanza.

Dalili za nakala ya magendo ni hizi: herufi zimevimba au zimefifia kama fotokopi, kuna kivuli cha kijivu upande wa mshono, pambizo zinapanda na kushuka, rangi ya jalada imepauka, ukurasa wa hakimiliki haupo, au ISBN ya ndani hailingani na ya nyuma. Nakala hiyo mwandishi hapati hata senti, na mhariri, mchoraji wa jalada na mchapaji halali nao hawapati.

10. Ukiwa huna fedha

Mtumba ni halali. Mwandishi hapati mrabaha wa pili, lakini alishapata wa kwanza, na hujamdhulumu. Ukikipenda, nunua kitabu chake kinachofuata kikiwa kipya. Kumbuka kwamba hakuna mtumba wa vitabu pepe: Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2019, katika kesi ya Tom Kabinet, kwamba kuuza tena kitabu pepe mtandaoni kunahitaji ruhusa ya mwenye haki. Anayekuuzia faili 500 kwa bei ya kitabu kimoja anakuuzia mali ya wizi.

Maktaba ni bora zaidi, kwa sababu maktaba hununua. Jaza fomu ya kuomba kitabu kinunuliwe, ukiweka jina, mwandishi na ISBN. Zaidi ya nchi 30 pia humlipa mwandishi kitabu chake kinapoazimwa au kinapokuwa maktabani, utaratibu ulioanzia Denmark mwaka 1946. Kwa kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha, Project Gutenberg inatoa EPUB bure na kihalali.

Na andika maoni. Sentensi tatu zinatosha: kitabu kinahusu nini, kinamfaa nani, nini kilikugusa au kukuchosha. Usiandike maoni ya kitabu cha ndugu yako wala usichukue malipo, maana maduka huyafuta maoni ya namna hiyo. Kama unasubiri kitabu kipya cha mwandishi unayempenda, kiagize kabla hakijatoka. Oda za mapema ndizo zinazolifanya duka liagize nakala zaidi.

Mambo yakikwama

*Nimepakua faili yenye jina linaloishia na .acsm na haifunguki.* Hiyo siyo kitabu, ni hati ya kukichukulia kitabu. Sakinisha Adobe Digital Editions, iidhinishe kwa akaunti ya Adobe, kisha fungua hati hiyo ndani yake. Kitabu chenyewe kitapakuliwa hapo. Tumia akaunti ileile kwenye vifaa vyote. Ukiidhinisha kimoja kwa akaunti nyingine, kitabu kitakukatalia.

*Nimetuma EPUB kwenye Kindle haijafika.* Kwa barua pepe, anwani unayotumia kutuma lazima iwe kwenye orodha ya walioruhusiwa ndani ya mipangilio ya akaunti yako, na viambatisho visizidi MB 50. Kwa tovuti ya kutuma, kikomo ni MB 200. Ikikataliwa kwa kosa la E999, faili ina hitilafu ndani: ifungue Calibre, igeuze kutoka EPUB kwenda EPUB, utume ile mpya. Kama ina kufuli la Adobe, Kindle haitaipokea kwa njia yoyote. Isome kwenye programu nyingine.

*Duka linasema kitabu hakipatikani nchini kwangu.* Haki za kuuza hugawanywa kwa nchi. Hakikisha kwanza akaunti yako imewekwa nchi unayoishi kweli, kwa sababu mara nyingi tatizo liko hapo. Likiwa siyo hilo, mwandikie mchapishaji au mwandishi umuulize nani ana haki za eneo lako. Usidanganye kwa VPN, huduma inayoficha nchi uliyopo: akaunti ikifungiwa, vitabu vyote vilivyomo vinafungwa nayo.

*Kadi inakataliwa.* Piga simu benki uulize kama malipo ya mtandaoni na ya nje yamefunguliwa, na kama namba ya simu inayopokea msimbo wa uthibitisho ni ya sasa. Usijaribu mara tano mfululizo, mfumo utaifunga. Ikishindikana, kadi ya zawadi ya duka hilo, ya nchi ileile na akaunti yako, hufanya kazi.

*Kitabu kimefika kimelowa au kimepondeka.* Piga picha bahasha kabla hujaitupa, kisha kitabu, utume siku hiyohiyo. Kama umenunua kwa mwandishi mwenyewe, mwambie kwa upole na umwachie achague kati ya kukutumia kingine na kurudisha fedha. Nakala hiyo aliinunua kwa fedha yake mfukoni, na pengine hakujua kwamba bahasha laini haifai kusafirishia kitabu.

*Nimegundua niliyonunua ni ya magendo.* Dai fedha yako kwa muuzaji kwanza, ripoti tangazo lake kwa duka, kisha mtumie mwandishi au mchapishaji picha ya jalada, ya ukurasa wa hakimiliki na kiungo cha tangazo. Wao ndio wenye haki ya kisheria ya kuomba liondolewe, na bila ushahidi wa aliyenunua huwa hawana pa kuanzia.